Bendera Haina Bluu

Saa mbili asubuhi, Jumanne, Inspekta Winrose Cheptanui alikuwa na saa nne tu za kuamua kama Fundi Khaemba ni mhalifu ama ni mtu wa bahati mbaya. Saa sita kamili gari lingetoka hapa Mau Narok kwenda korti ya Nakuru, na OCS, mkuu wa kituo, alishataka Khaemba awe ndani yake.

"Hii faili imeiva," OCS alimwambia, akiisukuma mezani. "Kuharibu mali kwa kusudi. Unasubiri nini, malaika ashuke na ushahidi?"

"Nasubiri kujua kwa nini alifanya, sir."

"Ni mkaidi. Wazee wa hiyo kazi wote ni wakaidi." OCS alikuwa na jino lililomsumbua tangu Jumamosi na hakutaka mazungumzo marefu na mtu yeyote. "Saa sita."

Ukweli wenyewe ulikuwa mfupi. Jumapili, Chama cha Maziwa cha Tumaini kilikuwa kinazindua tangi jipya la kupoza maziwa. Stima ilikuwa imepotea tangu Ijumaa jioni, kama kawaida ya huku juu mvua ikinyesha, ikarudi Jumapili saa tano na dakika kumi, Askofu akiwa katikati ya maombi. Watu wakashukuru Mungu. Mwenyekiti Kimaiyo akainua swichi kubwa. Tangi likanguruma kwa namna ambayo tangi halifai kunguruma, balbu zikapasuka moja baada ya nyingine, kinanda cha kwaya kikatoa moshi, na maikrofoni ikamzimikia Askofu akiwa ndiyo amefika kwa neno "nuru". Hakuna aliyeumia. Lakini mota ya tangi iliungua, maziwa ya asubuhi nzima yakaharibika, na kufikia saa nane fundi aliyefunga waya alikuwa anapandishwa Land Rover akiwa bado amevaa tai ya sherehe.

Ushahidi nao haukumsaidia. Fundi mwingine aliyeitwa kuangalia kasha la stima aliandika kwamba waya mweusi na waya wa bluu zilikuwa zimebadilishana mahali. Zamani, kila mtu aliyeshika koleo alijua kwamba nyeusi ni ya kurudisha stima, ile haina moto, na bluu ni moja ya zile tatu za moto. Halafu wakubwa wakabadilisha rangi. Siku hizi bluu ndiyo ya kurudisha, na nyeusi, maskini, imewekwa kwa moto. Kwa hivyo mtu mwenye rangi za zamani kichwani, akipewa waya wa kisasa, atakosea hivyo hivyo tu. Na Khaemba alikuwa na miaka hamsini na minane.

Kama hiyo haikutosha, mwenye duka la vifaa alikuwa ameandikisha kwamba Alhamisi, mbele ya wateja wasiopungua saba, Khaemba aliinua waya juu akatangaza, "Bluu siitambui."

Cheptanui alikuwa anasoma mstari huo mara ya tatu wakati mlalamishi mwenyewe alipoingia. Mwenyekiti Kimaiyo alikuwa mzee mrefu mwenye koti la sufu na viatu vinavyong'aa, na ukijua matope ya Mau utajua hilo si jambo dogo. Kabla hajasalimia mtu, alinyoosha kalenda ya ukutani iliyokuwa imelala kidogo upande wa kushoto. Ndipo akasalimia.

"Chamgei, Cheptanui."

"Chamgei mising, mwenyekiti. Karibu."

"Sikai. Nimekuja kuhakikisha huyo mtu anaenda leo. Wanachama wamekasirika. Askofu pia amekasirika, ingawa anasema amesamehe."

"Kasha la stima lina funguo ngapi?"

"Mbili. Moja iko kwa droo ya Fancy, karani wetu. Ingine ni hii." Alivuta mnyororo kutoka ndani ya shati, akaonyesha ufunguo mdogo, akaurudisha na kulainisha kola juu yake.

"Na wewe uliangalia kazi ya Khaemba alipomaliza?"

"Mimi?" Kimaiyo aliangalia pembeni. Konstebo Thuo alikuwa anapita na birika la chai, na mfuko wa shati lake ulikuwa wazi, kama ulivyokuwa wazi kwa wiki tatu bila kumsumbua mtu. Mwenyekiti alimsimamisha kwa mkono mmoja, akamfungia kifungo, akampigapiga kifuani. "Nilisomea stima kidogo zamani, ndiyo. Lakini kazi ya mtu ni ya mtu. Saa sita, sivyo?"

"Saa sita," alisema Cheptanui.

Khaemba alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, bila tai, bila mshipi, bila kamba za viatu. Usingizi ulikuwa umemkataa siku mbili na alionekana hivyo. Alipomwona Inspekta alisimama, kwa adabu, akishikilia suruali.

"Mzee Khaemba, kaa. Ulisema bluu huitambui."

"Nilisema."

"Sasa nikusaidie vipi?"

"Kutoitambua si kutoijua, madam." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeeleza jambo hilo kwa watu wengi na wote wakamwangusha. "Ni kama shemeji mlevi. Unajua ni shemeji. Chakula unampa. Lakini mkikutana sokoni mbele ya watu, unaangalia mbali."

Thuo alikohoa mlangoni. Cheptanui hakucheka, lakini ilimbidi aangalie daftari lake.

"Nieleze rangi."

"Mimi nilifunzwa na baba yangu. Alikuwa fundi wa reli pale Nakuru miaka thelathini na moja, alifunga stesheni na nyumba za wafanyakazi, na hakuna balbu ilipasuka. Si yeye peke yake, sisi wote wa wakati huo tulifunzwa kwa bendera. Nyekundu ni damu: ukigusa, inamwagika yako. Kijani ni ardhi: inaenda kwa ardhi, hiyo hata mtoto anaelewa. Nyeusi ni wananchi: wako kila mahali, wanarudisha kila kitu, na hawana nguvu yoyote."

"Na nyeupe?"

"Amani. Hakuna waya nyeupe kwa kazi yetu, lakini nikishamaliza skrubu na nimeipima na testa, naiwekea tone la ile rangi ya kufutia makosa ya kalamu. Nusu juu ya skrubu, nusu kando. Ikipata amani hiyo siigusi tena." Akavuta pumzi. "Halafu wakaleta bluu mahali pa wananchi. Bendera haina bluu, madam. Na mwananchi wa watu wakamuweka kwa moto bila kumwambia. Sikupenda. Lakini nilienda semina, nikafanya mtihani, nikapita. Nafunga vile wanataka. Hiyo ya juzi niliifunga vile wanataka."

"Uliijaribu?"

"Ijumaa saa tisa. Tangi ikazunguka vizuri, nikapaka nyeupe, nikafunga kasha. Saa kumi na moja stima ikapotea."

"Nani alikuona?"

"Mimi na Mungu."

"Mungu hawezi kuandikisha taarifa hapa, mzee."

"Najua." Khaemba alitazama viatu vyake visivyo na kamba. "Wakinipeleka korti, leseni inaenda. Hata nikishinda kesi, nani atamwita fundi aliyechoma Askofu?"

"Askofu hakuungua."

"Ngoja uone vile watasimulia."

Cheptanui aliondoka pale akiwa amemwamini, na hilo lilimkasirisha, kwa sababu kuamini si ushahidi na saa ilikuwa inasogea kwenda tatu.

Ofisi ya chama ilikuwa mwendo wa dakika kumi, ukivuka shamba la ngano na kuruka madimbwi mawili. Fancy, karani, aliwafungulia yeye na Thuo. Alikuwa msichana mchangamfu mwenye koti la manjano, na alikuwa na mengi ya kusema.

"Kila kitu kimeungua, madam. Printa, friji, hata birika la maji moto. Choo peke yake ndiyo balbu yake imepona. Wanachama wengine wanasema hiyo ni ishara."

"Ishara ya nini?"

"Bado wanajadili."

Kasha la stima lilikuwa ukutani kando ya tangi. Stima ilishakatwa kutoka nje, na Thuo alihakikisha mara mbili kwa sababu alikuwa baba wa watoto. Cheptanui alifungua mlango wa kasha akawasha tochi ya simu. Alianza kuhesabu skrubu. Kila moja ilikuwa na tone lake jeupe, nusu juu, nusu kando, zote nzima. Zote isipokuwa mbili. Tone la skrubu ya waya mweusi lilikuwa limepasuka katikati, na la waya wa bluu pia.

"Thuo, njoo uone. Mtu amefungua hizi mbili baada ya Khaemba kupaka."

"Ama Khaemba mwenyewe amerudi, madam. OCS atasema hivyo."

Atasema hivyo, kweli. Cheptanui aliendelea kuangalia. Waya za Khaemba zilikuwa zimefungwa imara lakini kwa mikunjo ya fundi anayetaka kuwahi gari la Nakuru. Zile mbili zilizobadilishwa zilikuwa zimepindwa vizuri kwa pembe mraba, zikalazwa sambamba na kufungwa pamoja kwa uzi. Zilikuwa waya nadhifu kuliko zote ndani ya kasha.

Halafu kulikuwa na karatasi. Ndani ya mlango Khaemba alikuwa amebandika orodha ya rangi mpya, ile inayotoka na waya dukani, yenye maandishi madogo madogo. Ilikuwa imenyooka kabisa. Lakini pembeni yake, alama ya gundi kavu ilionyesha kwamba mwanzoni ilikuwa imebandikwa ikiwa imelala upande. Mtu alikuwa ameibandua na kuibandika upya.

"Fancy, nani alikuwa hapa Jumamosi?"

Fancy aligeuka kuangalia tangi. "Hakuna mtu."

"Fancy."

"Bravin alikuja. Lakini alikuja tu kuchukua ladda yake ya kupandia."

Thuo alimwangalia Inspekta kwa macho ya mtu ambaye ameona mwisho wa safari. Bravin alikuwa fundi kijana, mwenye cheti cha chuo kule Nakuru, na kila mtu Mau Narok alijua aliomba kazi ya tangi akanyimwa ikapewa Khaemba.

"Ni yeye," alisema Thuo wakishuka barabarani. "Yeye anajua rangi zote, mpya na za zamani. Alifanya makosa ya mzee makusudi ili mzee alaumiwe. Ufunguo alipewa na huyu msichana. Hukuona vile aliangalia tangi? Mtu haangalii tangi hivyo."

Cheptanui alikiri moyoni kwamba nadharia hiyo haikuwa mbaya. Ilidumu mpaka walipofika kwa kibanda cha Bravin, ambako kijana huyo alikuwa ameketi kwa kiti cha plastiki, mkono wa kulia wote ndani ya plasta kuanzia vidoleni hadi begani.

"Sasa, madam," alisema bila kuinuka.

"Hiyo ni ya lini?"

"Wednesday. Nilianguka nikifunga taa kwa kanisa. Uliza klinik, wako na karatasi." Alionyesha mkono huo kwa kuuinua kidogo, akauma mdomo. "Ladda nilienda kuchukua, ni kweli, lakini Fancy ndiye aliibeba. Mimi nilibeba kofia yake."

Thuo alifunga daftari polepole. Ilimuuma, unaweza kusema, kupoteza mshukiwa mzuri hivyo.

Cheptanui alivuta kreti tupu ya soda akaketi. "Nisaidie basi, wewe uliyesoma. Choo kilipona kwa nini?"

"Simple. Ziko laini tatu za moto. Ukibadilisha hizo waya mbili, laini mbili zinapata stima karibu mara mbili, vitu vinapasuka. Ya katikati inabaki sawa, ati imegeuka tu. Choo iko kwa ya katikati." Alifikiri kidogo. "Mimi niliona hiyo box Sunday vile watu walikuwa wanakimbia. Inanisumbua, madam."

"Nini inakusumbua?"

"Mtu akitaka kukuharibia kazi, anakata waya. Ama analegeza skrubu, anaenda zake. Huyu alikaza. Akapinda vizuri. Akafunga na uzi. Nani anaharibu kitu na uzi?"

Kwa siku mbili wote walikuwa wakimtafuta mtu aliyeharibu. Mtu wa pembe mraba, mtu wa uzi, mtu aliyeona karatasi imelala akainyoosha kabla ya kufunga mlango, huyo hakuharibu chochote. Huyo alikuwa anarekebisha.

Aliinua macho. Thuo alikuwa amesimama mbele yake, na mfuko wa shati lake ulikuwa umefungwa kifungo.

"Thuo, nani alikufunga hicho kifungo?"

"Mwenyekiti, madam. Si ulikuwa hapo?"

"Nilikuwa hapo," alisema Cheptanui, na akasimama haraka hata kreti ikaanguka. "Bravin, nipe kasha tupu na kipande cha waya mpya, zile za rangi tano. Na bisibisi."

Kumpa mshukiwa bisibisi ndani ya selo hakuko kwa kitabu chochote cha polisi, na Thuo alisimama mlangoni na rungu mkononi, uso ukionyesha kwamba hakukubaliana na lolote. Khaemba hakumjali. Alikuwa amepata kazi, na mikono yake ilionekana kuamka kabla yake mwenyewe. Alifunga kahawia, akafunga nyeusi na kijivu kwa moto, kijani yenye mistari ya manjano akaipeleka kwa ardhi. Alipofika kwa bluu alisita.

"Haya, ingia, mgeni," aliiambia, akaikaza mahali pa kurudisha. "Nipatie nyeupe, madam."

"Hapana. Leo usipake amani."

"Bila amani?"

"Nataka vita kidogo, mzee."

Saa tano kasoro dakika kumi, Cheptanui aliingia katika ofisi ya Mwenyekiti Kimaiyo akiwa na taarifa ya kutiwa sahihi na kasha chini ya kwapa. Aliliweka mezani likiwa wazi, mbele ya mwenyekiti, akaweka bisibisi kando yake.

"Hicho ni kielelezo cha kesi," alisema. "Khaemba amekifunga leo asubuhi kuonyesha vile yeye hufunga. Tafadhali usikiguse. Nipe dakika chache nipige simu, halafu tutie sahihi."

"Siwezi kugusa," alisema Kimaiyo.

Nyuma ya ofisi kulikuwa na dirisha lenye pazia lisilofika chini. Cheptanui alichutama hapo kwa matope, Thuo upande mmoja, Fancy upande mwingine, kwa sababu Fancy alikataa kabisa kuachwa nje ya jambo hilo. Kupitia ule mwanya waliona meza yote.

Kimaiyo aliketi na mikono juu ya magoti. Aliangalia dari. Aliangalia kasha. Aliinyoosha ile taarifa ilingane na ukingo wa meza, akainyoosha kalamu ilingane na taarifa, akaangalia kasha tena, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Hataweza," Fancy alinong'ona.

"Ni mtu mzima," alinong'ona Thuo. "Ameambiwa asiguse."

"Hujakaa na yeye ofisi moja."

Kimaiyo alisimama. Wote watatu waliinamisha vichwa. Alifika dirishani, akavuta pazia liwe katikati, akarudi. Cheptanui aliangalia saa yake: tano na dakika tatu, na gari la Nakuru lilikuwa tayari linajazwa mafuta. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo aliogopa. Kama mzee huyu angekaa tu akanywa chai yake, Khaemba angeenda kortini, na yeye angebaki na matone mawili yaliyopasuka na kifungo cha Thuo.

Kimaiyo alichukua bisibisi.

Alifanya kazi kama dakika nne, kwa utulivu, ulimi ukitokeza kidogo upande wa mdomo. Alipomaliza alivuta droo, akatoa uzi.

Cheptanui aliingia kwa mlango mkubwa, magoti yakiwa na matope. Ndani ya kasha, waya mweusi ulikuwa mahali pa kurudisha na bluu ilikuwa kwa moto, zote mbili zimepindwa kwa pembe mraba.

"Mwenyekiti, nilikuomba usiguse."

"Ulisema, ndiyo. Lakini ningekuacha uaibike mbele ya hakimu?" Kimaiyo alikuwa na furaha ya mtu aliyesaidia. "Wewe ni mtoto wetu. Angalia: nyeusi ni wananchi, haiwezi kukaa kwa moto. Hivi ndivyo tulifunzwa shule ya tekniko, kwa bendera. Huyo Khaemba hajifunzi. Amerudia makosa yaleyale."

Fancy, aliyekuwa ameingia na kikombe ambacho hakuna aliyeagiza, alikiweka chini.

"Yaleyale ya lini?" aliuliza Cheptanui.

"Yale ya kwanza."

"Jumapili kila mtu aliona nyeusi ikiwa mahali pa kurudisha, hivi ulivyoiweka sasa. Fundi ameandika, picha ziko. Hapa leo Khaemba aliiweka kwa moto. Kwa hivyo akirudia yaleyale, mwenyekiti, ni yale yaliyokuwa kabla ya Jumapili. Nani aliyaona, kama kasha lilikuwa limefungwa na ufunguo?"

Mkono wa Kimaiyo ulienda kwa mnyororo shingoni, ukabaki hapo.

"Jumamosi stima haikuwako," alisema hatimaye. "Niliingia tu kuangalia kama ni safi, kwa sababu ya Askofu. Nikaona nyeusi iko kwa moto. Cheptanui, nilitetemeka. Nilijua mtu atakufa hapo. Niliiokoa."

"Mbona hukusema Jumapili?"

Alimwangalia Fancy, na Fancy ndiye aliyejibu.

"Kamati ilimkataza kugusa mashine, madam. Iko kwa minitsi za mkutano. Ni baada ya kurekebisha pampu ya maji."

"Pampu ilikuwa inatoa sauti," alisema Kimaiyo.

"Sasa haitoi kitu."

Cheptanui alitoa simu na kumwonyesha picha ya karatasi ndani ya mlango wa kasha. "Hii uliinyoosha?"

"Ilikuwa imelala."

"Uliisoma?"

"Sikuwa na miwani."

Alimsomea. Kahawia, nyeusi, kijivu: moto. Bluu: ya kurudisha. Alisoma polepole, na kadiri alivyosoma ndivyo Kimaiyo alivyozidi kuwa mdogo ndani ya lile koti. Alivaa miwani, akaichukua simu, akasoma mwenyewe hadi mwisho. Alihisi aibu, na ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu maisha yake yote alikuwa ameona aibu kwa niaba ya wengine: mafundi, makarani, makonstebo wenye mifuko wazi.

"Walibadilisha lini?" aliuliza.

"Miaka mingi, mzee."

"Na hawakuniambia." Akarudisha simu. "Huyo mtu amelala kwa selo siku mbili."

"Na saa sita anaenda Nakuru."

"Leta karatasi," alisema Kimaiyo.

Aliandika kuondoa malalamiko yake kwa mwandiko mzuri sana, mistari imelingana kama imepigwa rula, na Thuo, aliyekuwa akiangalia saa, alikaribia kulia. Saa sita kasoro dakika nane walikuwa mbele ya OCS. OCS alisoma karatasi hiyo mara mbili, akishika shavu.

"Mlalamishi ndiye alifanya?"

"Ndiyo, sir."

"Na alikuja hapa kila siku kutuharakisha?"

"Ndiyo, sir. Mambo ya tangi wanachama watamuuliza wenyewe."

OCS aliangalia kalenda ya ukutani, ambayo alikuwa ameshangaa asubuhi nzima kwa nini ilionekana tofauti. "Mtoeni fundi," alisema, "kabla hili jino halijanifanya niseme kitu."

Khaemba alitoka akiwa ameshikilia suruali. Alipewa mshipi, kamba za viatu, testa, kichupa chake cha rangi nyeupe, na tai. Alivaa kila kitu pale kaunta bila kuharakisha. Kimaiyo alikuwa amesimama mbele yake, kofia mkononi.

"Fundi, nimekukosea. Nilidhani nimekuokoa."

"Nimeambiwa." Khaemba alifunga kamba ya kiatu cha pili. "Ulipinda waya vizuri, wanasema."

"Pembe mraba."

"Baba yangu angekupenda." Akanyoosha mkono, kiganja juu. "Lete ufunguo."

Kimaiyo aliutoa mnyororo kichwani taratibu. Aliushika kidogo, kama mtu anayeaga, halafu akauweka kwenye kiganja cha Khaemba.

Tai ya Khaemba ilikuwa imelala upande, fundo karibu na sikio. Mkono wa mwenyekiti uliinuka kuelekea huko, wote wakauona. Ulifika nusu ya njia, ukasimama, ukaanza kurudi mfukoni peke yake.

Khaemba aliutazama ukirudi. Akashusha pumzi, akainua kidevu.

"Hii nyoosha," alisema. "Haina stima."